Kaka Yupo

Mkuu wa kituo aliniita ofisini akaniambia niende mkutanoni nikajenge mtandao. Nikamwuliza, "Kwa vifaa gani, mkuu?" Kwetu porini mtandao ni ule wa simu, nao hupatikana kwa kupanda juu ya tangi la maji na kunyoosha mkono. Alinitazama kwa huruma.

"Mtandao wa watu, dada. Salimia watu, wakujue, upate kazi. Mkataba wako unakwisha mwezi huu, na mimi sina pa kukuweka."

Ndivyo nilivyojikuta katika ukumbi wa hoteli nimevaa viatu vya kuazima, katikati ya wataalamu wa wanyamapori wa kila aina. Kila mtu alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, na bado wakawa wanapeana mikono. Sijui walikuwa wanatumia mkono gani. Nilisimama karibu na nguzo, sielewi mbele wala nyuma.

Beji yangu ndiyo ilizidi kunichanganya. Nilipojiandikisha, palikuwa na nafasi ya jina na nafasi ya mnyama unayemshughulikia, na simu yangu, ambayo hujifanya inajua maneno kunishinda, ililikata neno "kakakuona" vipande viwili. Watu wa mkutano wakadhani ndilo jina. Sasa kifuani nilikuwa nimeandikwa kwa herufi kubwa: KAKA KUONA. Nilikwenda kulalamika mezani, binti wa mapokezi akanijibu bila kuinua uso, "Pole, kaka."

Mzee mmoja mwenye mvi akanijia akitabasamu. "Mimi ni fisi," akasema. "Mke wangu ni popo, yule pale kwenye maandazi."

Nikageuka kutazama kama kuna mwingine aliyesikia. Ilinichukua muda kung'amua kwamba pale mtu hujitambulisha kwa mnyama wake, wala hakuna aliyerukwa na akili. Nikajikaza kisabuni. "Mimi ni kakakuona."

"Aa! Basi kuna mama anakutafuta. Mradi mpya wa kakakuona, wanataka mtu wa kuongoza kikosi porini. Yule mwenye gauni la kijani, afisa ajira wao. Nenda kabla hajakamatwa na watu wa tembo."

Hiyo kazi ilikuwa yangu kabisa. Kakakuona ni yule mnyama wa magamba anayejikunja kama mpira ukimshtua, na mimi nimemfuata mmoja kwa miaka. Kituoni tulimfupishia jina tukamwita Kaka. Tulimbandika gambani kifaa kinachotuma mlio, nami kila asubuhi nanyanyua antena, nausikia, natangaza kwenye redio ya upepo: "Kaka yupo." Mkuu anajibu, "Sawa," na siku inaanza.

Mama wa gauni la kijani aliisoma beji yangu, akanitazama usoni, akairudia beji.

"Wewe ndiye kaka?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye ninayemfuatilia."

"Ahaa. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemwacha shimoni."

Akatoa macho. Nikadhani nimejibu kwa kifupi mno, nikaongeza, "Mchana kutwa yumo humo, amejikunja. Hutoka giza likiingia."

"Na anakula?"

"Mchwa. Siku nzuri, na siafu."

"Jamani! Hamwezi kumpikia hata uji?"

Nilipigwa na butwaa kwa swali hilo. Lakini mkuu alikuwa amenionya kwamba mahojiano ya siku hizi yana mitego, kwa hiyo nikajibu kitaalamu. "Hana meno, mama. Na chakula cha watu hakigusi."

"Hazungumzi na mtu?"

"Ukimsogelea tu anaficha uso."

Akaweka kikombe chini. "Dada yangu, na wewe umemsaidiaje?"

"Nimembandika kifaa mgongoni. Kila asubuhi nasikiliza mlio, natangaza kwamba yupo."

"Kifaa! Huendi hata kumwona?"

Hapo nikaona ndipo penye mtego wenyewe, nikaamua kusema kweli. "Zamani nilikuwa siendi. Mlio ulikuwa unanitosha. Mpaka mwaka jana, ukawa unatoka pale pale kila siku, nami natangaza yupo, yupo. Nilipokwenda kuchungulia nilikuta gamba moja limebanduka, na kifaa kimeng'ang'ania juu yake kinalia. Mwenyewe hayupo. Tulikuja kumpata ng'ambo ya mto, amekonda mbavu zinahesabika. Tangu hapo siamini mlio. Naenda nimwone kwa macho yangu."

Mama wa watu machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono. "Huyo hahitaji kazi. Anahitaji daktari."

"Daktari wa mifugo alishampima, akasema magamba yake ni mazima."

"Wa mifugo?" Sauti yake ilipanda hadi kwenye maandazi. Mzee wa fisi, ambaye kumbe alikuwa nyuma yetu muda wote, alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Mama, anayezungumziwa ni mnyama!"

"Mzee mzima, koma kumwita kaka wa mtu mnyama!"

Mzee akatoa simu yake, akamwonyesha picha. Mama alitazama yale magamba, ule mkia, ile pua ndefu. Kisha akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha, akalazimika kuketi. Akatueleza kwamba alitoka benki juzi tu, kwamba mradi ulimwambia atafute mtu wa kakakuona, naye alipita ukumbi mzima akimtafuta mwanamume aitwaye Kuona. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa bado nayarudia yale maneno kichwani moja moja, nikijaribu kujua ni wapi tuliachana njia.

Alipojifuta macho akaniuliza kwa utani, "Kwa hiyo kumbe huna kaka."

"Ninaye."

"Anafanya nini?"

Nikafungua mdomo. Neno likatoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya redioni. "Yupo."

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akinipigia pasi sare na kunibeba kwenye baiskeli mpaka lango la shule. Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa aliingia chumba cha uani, nyumbani kwa mama, na hakukuwa na siku aliyotoka kwa maana ya kutoka. Mimi nikipiga simu humwuliza mama, "Kaka je?" Mama hujibu, "Yupo." Basi, tunahamia habari nyingine. Wa magamba nilijua amelala shimo gani. Wangu sikujua kama anakula.

"Maelezo yako yamenitosha," mama wa gauni la kijani alikuwa anasema. "Viongozi wa mradi wako hapa, nimewapungia wamekubali. Gari linaondoka kesho asubuhi, moja kwa moja mpaka kambini. Huko hakuna simu mpaka mvua ziishe. Unakuja?"

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nikamwomba dakika moja, nikatoka kwenye ujia walikorundika viti vya akiba, nikapiga nyumbani.

"Kaka je, mama?"

"Yupo."

"Umemwona lini?"

"Yumo chumbani, mwanangu. Redio yake si naisikia inalia?"

"Sijauliza redio, mama. Yeye umemwona?"

Nilisikia kwa mbali mtu akisoma habari, nikajua ndiyo redio yenyewe. Halafu mama akasema polepole, "Chakula namwekea mlangoni. Siku nyingine nakikuta vile vile."

Nilirudi ukumbini nikamwambia yule mama kwamba naomba siku chache tu, nitafika kambini kwa njia yoyote.

"Gari halisubiri," akasema. "Na kuna kijana wa pale kwenye nguzo anaitaka nafasi hii kwa udi na uvumba. Siku chache za nini?"

"Za kumwona kaka."

Akaitazama beji, akanitazama mimi. "Yupi sasa?"

"Wa mama yangu."

Hakucheka. Alisema ataongea nao lakini haniahidi kitu, na uso wake ulinionyesha kwamba kweli hakuwa na cha kuniahidi. Nilimshukuru, nikavua vile viatu nikavitia kwenye mfuko, nikaenda stendi kwa ndala.

Nilifika nyumbani asubuhi, saa ambayo gari la mradi lilikuwa linaondoka bila mimi. Mama alinipokea mzigo asiulize neno. Nilipita jikoni mpaka uani. Mbele ya mlango wa kaka palikuwa na sahani imefunikwa, na ndani redio ilikuwa inatangaza bei za mazao. Nilisimama pale kama ninavyosimama porini nikiwa na antena, na kwa mazoea kichwa changu kikaanza kusema yupo. Nikabisha hodi.

Nikabisha tena kwa nguvu.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyesahau kuitumia.

"Mimi, kaka."

"Nipo," akasema. "Mwambie mama nipo."

"Kuwapo nimekusikia," nikamjibu. "Fungua nikuone."

Redio ikazimwa. Nilingoja sana mlangoni, mkono juu ya ubao, nisisikie chochote. Kisha komeo likavutwa kwa ndani, likagonga.