Sheria ya Moshi

Kamati ya wabunge ilipokuja Machakos mjini kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mswada wa moshi wa magari, Kamanthe aliomba ruhusa kazini, akaenda akaketi mstari wa mbele. Alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, na maishani mwake hakuwa amewahi kushika maikrofoni. Lakini bintiye Winrose alikuwa na pumu, na chumba walichopanga kilitazamana na barabara kuu, pale malori yanapopunguza mwendo na kunguruma kabla ya kupanda kilima. Jina lake lilipoitwa, alisimama.

Hakusema mengi. Alieleza jinsi anavyopangusa meza asubuhi, na ikifika jioni kitambaa kinatoka cheusi tena. Alieleza jinsi mtoto anavyolala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha kifua kinabana.

"Mimi sijui mambo ya injini," alimalizia. "Ninajua moshi ukiingia kwa nyumba, mtoto wangu anashindwa kupumua. Tungeni hiyo sheria, na iwe kali."

Ukumbi ulimpigia makofi. Mheshimiwa mmoja mwanamke alishuka jukwaani, akamkumbatia, wakapigwa picha.

Nyuma kabisa walikuwa wamekaa wenye malori, na kati yao alikuwemo Masila, kakake Kamanthe. Alikuwa na lori moja tu, kuukuu, la kubeba mawe ya ujenzi kutoka machimbo ya Lukenya kupeleka Syokimau. Aliyeketi karibu naye alinong'ona kwamba huyu mama anataka watu walale njaa.

"Huyo ni dada yangu," Masila akamjibu. "Na anasema ukweli."

Alijua anachosema. Ni yeye aliyemkimbiza Winrose hospitalini mwaka uliotangulia, mtoto midomo imegeuka rangi, amelala juu ya mapaja ya mamake ndani ya lori hilo hilo. Walipokuwa wakirudi nyumbani kutoka ukumbini alimwambia Kamanthe, "Sheria ikija nitatengeneza gari yangu. Si ni sisi wote tutatengeneza?"

"Ni nyinyi wote," Kamanthe alisema.

Sheria ilikuja. Kamanthe aliisikia kwenye redio ya jirani akiwa anafua, akaacha nguo kwenye beseni na kwenda kumkumbatia Winrose. Ilichukua majuma kadhaa kabla hajajua yaliyokuwa ndani yake. Mswada ule ulikuwa na sehemu mbili: mafuta yanayouzwa vituoni yawe safi, na magari yapimwe moshi. Ile ya mafuta iliahirishwa, wauzaji wapewe muda wa kujipanga. Na kampuni zenye magari mengi zilipewa miaka mitano ya kubadilisha magari yao polepole. Mwenye gari moja alitakiwa kupima papo hapo.

Masila hakulalamika. Aliuza ng'ombe wake wawili, akafungua injini yote, akabadilisha kila kilichochakaa. Fundi alipomaliza, Masila alimpigia simu dadake aje asikie jinsi lori linavyonguruma kwa utulivu. Siku ya kupima walikwenda pamoja. Mkaguzi alichomeka mpira wa mashine kwenye bomba la moshi, akamwambia Masila akanyage, kisha akatazama kioo cha mashine na kutikisa kichwa.

"Imeanguka," alisema.

"Haiwezi," Masila akasema. "Hii injini ni kama mpya."

Mkaguzi aliinama, akanusa bomba. Hakuwa mtu mbaya. "Injini yako iko sawa, mzee. Ni dizeli. Huku wanachanganya na mafuta ya taa. Wengi wanaanguka kwa sababu hiyo."

"Kwa hivyo nipimie mafuta, si gari."

"Mimi nimepewa mashine ya gari tu."

Lori likazuiwa uani hapo hapo. Walipotoka langoni, trela za kampuni moja kubwa zilipita zikifuatana, moshi mzito ukilala barabarani nyuma yake, na askari wa barabarani akazipungia mkono zipite. Masila alizitazama mpaka zikaisha. Kisha akatangulia kituo cha matatu bila kumngojea dadake.

Kamanthe alikwenda kwa yule mheshimiwa. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, chini ya ile picha yao, ambayo sasa ilikuwa imekuzwa na kutiwa fremu. Mheshimiwa alimkumbuka mara moja, akaagiza aletewe chai.

"Kwa nini mmewaachilia wakubwa?" Kamanthe aliuliza.

"Mama, tungewabana, mswada usingepita kabisa. Tulipata nusu. Nusu ni bora kuliko kukosa."

"Na hiyo nusu, kakangu ndiye amelipa."

"Hiyo miaka mitano itaisha."

"Mtoto wangu anapumua leo," Kamanthe alisema. Aliinuka, chai akaiacha.

Masila alijaribu kupima tena, lori likaanguka tena. Mwishowe aliliuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akaenda kuomba kazi kwenye ile kampuni ya trela. Walimchukua haraka, maana dereva mzoefu hakosi kazi. Trela waliyompa ilikuwa ya zamani kuliko lori lake, na ilikuwa halali. Kila alasiri aliipitisha mbele ya chumba cha Kamanthe, na wingu jeusi lilipoingia dirishani, Kamanthe hakuwa na namna ya kujua kama ni la kakake au la mtu mwingine.

Winrose alilazwa mara mbili msimu huo wa kiangazi. Daktari akasema wazi kwamba dawa peke yake hazitoshi, mtoto aondolewe barabarani. Kamanthe hangeweza kuacha kazi. Kwa hiyo Masila alipopata siku ya mapumziko, walimpeleka Winrose kijijini Katangi kwa mama yao, wakamtafutia shule huko. Walimkuta bibi akipura ndengu uani. Baada ya saa chache Winrose alikuwa akikimbizana na kuku, na hakukohoa.

Jua lilipoanza kushuka, ndugu hao wawili walitoka kwenda kungoja gari. Winrose alimshika mamake nguo, akauliza atakuja lini tena. Kamanthe alisema mwisho wa mwezi, ingawa alijua kiwandani kulikuwa na kazi nyingi na huenda asipewe ruhusa.



"Umenikasirikia?" Kamanthe akauliza njiani.

"Nilikupigia makofi," Masila alisema. "Nitakukasirikiaje?"

"Wangerudi kuuliza maoni, ningewaambia…" Hakumaliza.

"Ungewaambia yale yale. Na wangekupiga picha."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya barabara. Gari lilipofika, Masila aliketi mbele na dereva, Kamanthe akapata kiti cha nyuma. Mpaka wanashuka Athi River hakuna aliyemgeukia mwenzake.