Kuku wa Upande wa Pili

Katika wiki moja ya joto lile Pindo alizika kuku wanne, na mara zote nne, alipokuwa akisawazisha udongo kwa kisigino, alimsikia mama yake akicheka upande wa pili wa uzio.

Mama alikuwa akicheka na Shwari.

Pindo alikuwa mshonaji. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka kama zimepigwa rula. Shwari alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake fundi bomba, na jina lake lilitoka kwa mama mwenyewe, wiki ya kwanza tu ya ndoa. "Mtoto huyu hana papara," mama alisema, "huyu ni shwari." Likashika. Pindo, aliyetoka tumboni mwa mwanamke huyo, alikuwa amefikisha miaka arobaini bila mama yake kumbandika hata jina la utani. Jambo hilo alilikumbuka mara nyingi kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Nyumba zao zilikaa ua mmoja, katikati uzio wa mabati yaliyotobokatoboka na kijilango kisicho na komeo. Mama alilala kwa Pindo. Nguo zake zilikuwa kwa Pindo, na dawa zake za presha alipewa na Pindo kwa mkono wake. Lakini akishamaliza chai tu, huyo, anaburuta kandambili kupitia kijilangoni, anakwenda "kuangalia kuku". Kuku! Kwani kwa Pindo hakukuwa na kuku? Ukweli ni kwamba mwaka uliopita alinunua kumi na wawili kwa mpigo, akaita fundi akamjengea banda la mabati matupu, juu mpaka chini, mlango wa rangi ya bluu, ili mama awe na kuku wa kuangalia hapo hapo nyumbani. Mama aliwaangalia siku mbili.

Joto lilipokuja, banda lile zuri likageuka chungu cha kupikia. Kuku walishinda midomo wazi, mabawa wameyaachia mbali na mwili kama watu wanaovuliwa makoti. Upande wa pili, katika kibanda cha fito na wavu kilichopigwa viraka kila kona, kuku kumi na mmoja wa Shwari walikuwa wakiparuza mchanga na kutaga kama hakuna lililotokea. Pindo aliwachungulia kwenye matundu ya bati. Aliona magunia yaliyolowanishwa yakining'inia upande wa jua, na mitungi ya maji kivulini. Aliona yote, na roho ikamchoma.

"Si umuulize anafanyaje?" mama alimwambia.

"Nimuulize nini? Kuku ni kuku."

Asubuhi moja Shwari alisimama kijilangoni, kavaa nguo za kutokea. Dada yake alikuwa anafanyiwa upasuaji siku hiyo, na yeye angerudi alasiri.

"Wifi, nisaidie. Saa sita walowanishie magunia na kuwabadilishia maji, saa nane urudie tena. Chakula usiwape mpaka jua lipoe. Wakishiba mchana joto linawazidi nguvu."

"Nenda tu, usijali," Pindo alisema, na alisema kwa moyo safi. Kisha akamwona mama akitoka chumbani, kajifunga kilemba kipya, mkoba mkononi.

"Na wewe mama unakwenda wapi?"

"Namsindikiza. Mtu hakai peke yake mlango wa upasuaji."

Pindo hakuwa ameambiwa. Mwaka juzi yeye mwenyewe alipasuliwa uvimbe, na mama alikuja hospitali kesho yake.

Saa sita ilipogonga ukutani, Pindo aliisikia. Alikuwa anashona sare za shule, na mguu wake haukuondoka kwenye kikanyagio. Waone na wao inavyouma kuzika kuku, alijiambia. Siku moja tu. Akavuta kitambaa kingine, akashona mshono mrefu ambao hakuna aliyekuwa na haraka nao.

Kelele za kuku zilimfikia kwa muda, kisha zikapungua. Karibu na saa nane zikakoma kabisa. Aliinuka, akaenda kijilangoni, na kutoka kijilangoni akakimbia.

Magunia yalikuwa yamekauka yakawa magumu kama mbao. Maji ya mitungi yalikuwa ya moto. Kuku wawili walikuwa wameshakufa, na waliobaki walilala mchangani wametandaza mabawa, macho nusu. Pindo alibeba ndoo mpaka mabega yakawaka. Aliwachukua mmoja mmoja hadi kivulini, akawatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya kawaida, kama alivyomwona Shwari akifanya kupitia matundu yale yale ya bati. "Kunywa, kunywa basi, nakuomba," alimwambia mtetea mmoja mwekundu, akimlowesha mdomo kwa kidole. Tisa wakapona.

Shwari na mama walipofika alasiri magunia yalikuwa yanachuruzika maji, na mizoga miwili imelazwa chini ya gazeti. Uongo ulikuwa tayari, hata kuutunga haikuhitajika. Shwari mwenyewe ndiye aliyeusema.

"Pole, wifi. Joto la leo si la mchezo. Umejitahidi, ahsante sana."

Ahsante hiyo ndiyo iliyomshinda.

"Sikuwalowanishia," Pindo alisema. "Saa sita nilikaa."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Shwari alilifunua gazeti, akawatazama. Ule utulivu wote ukamtoka. "Mimi niko mlangoni sijui kama dada yangu atatoka mzima, na wewe umekaa! Wamekukosea nini?" Akaingia ndani na kuufunga mlango.

Mama hakumfuata. Alirudi na Pindo, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani.

"Kisa nini, mwanangu?"

"Kisa wewe."

Mama alifungua kilemba, akakikunja, akakikunjua. "Nikikaa hapa kwako," alisema hatimaye, "nazungumza na mgongo. Pale naulizwa nimeamkaje."

"Ninafanya kazi, mama."

"Najua. Sijasema hufanyi." Baadaye kidogo akaongeza, "Ile siku ya uvimbe wako niliogopa. Nilifika mpaka getini hospitali nikarudi. Ningekuambia, lakini hukuwahi kuniuliza."

Pindo aligeuza kiti kumwelekea. Alikuwa ameikalia hasira ile miaka miwili.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, alivuka na mitetea wawili kwapani. Shwari aliwatupia jicho.

"Huyu sawa. Yule mwingine sitaki. Niletee yule mweupe."

Mweupe ndiye aliyetaga kila siku, tena ndiye pekee aliyemkimbilia Pindo miguuni. Alikwenda kumleta. Alipomkabidhi, hakuondoka.

"Kuna kingine?" Shwari aliuliza.

"Nionyeshe. Wangu wamebaki sita."

Shwari akachukua nyundo ya mumewe. "Ng'oa mabati upande wa upepo, tuweke wavu, tutundike na magunia. Banda lako halipumui. Nimeliona tangu siku lilipojengwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Ulivyokuwa unanitazama!"

Walifanya kazi mpaka jasho likawaingia machoni, hawasemezani ila kwa "shika hapa" na "vuta". Mama alikaa kivulini akinyoosha misumari iliyopinda. "Shwari, mwanangu, angalia mkono," alisema, na Pindo akahisi kitu kile kile kikimng'ata chini ya mbavu. Alisubiri kipite. Hakikupita chote.

Joto liliendelea wiki tatu nyingine, na Pindo hakuzika kuku tena. Shwari alichukua siku nyingi kabla ya kumwita wifi tena. Mama aliendelea kuvuka kila baada ya chai, ila siku nyingine, jua likiwa kali, alirudi saa sita mwenyewe kulowanisha magunia ya upande huu.

"Yule wa madoa anahema sana," aliita siku moja kutoka bandani. "Hebu njoo umtazame."

Pindo aliacha shati la mtu likiwa na mkono mmoja, akaenda.