Mtoto wa Mashine

"Mursik inanichefua! Nikinusa tu kibuyu cha maziwa hayo ya mgando, natapika," Kipkurui alijigamba mbele ya Sagini, aliyekuja kijijini Merigi kutafutia bendi yake ya roki mpiga gitaa. "Mimi nimelelewa na mashine za kiwanda cha chai."

Akatema mate kwa kinyaa. Uso alikuwa ameupaka weusi tititi, eti ni oili chafu ya mashine. Gitaa lake likanguruma kama vyuma vinavyosagana, na Sagini akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Kazi ilikuwa karibu iwe ya Kipkurui.

Mamake akaingia na kibuyu kitupu, akamkazia macho, akasonya.

"Kumbe ni wewe umemaliza makaa yangu ya kusugulia kibuyu? Na mursik ya wageni umekunywa yote!"

Sagini akainama, akamnusa Kipkurui mdomo, akakunja pua. "Ndugu yangu, hii ni oili gani inaganda?"