Mtani wa Nyuma ya Trela

Wivu wa Damas Ngollo haukuanzia kwa Abbasi, tusimsingizie Mzaramo wa watu bure. Huyu Damas alikwisha kumwonea wivu hata mwuza maziwa wa mtaa wao wa Cheyo, mzee asiye na jino kinywani, eti kwa nini anamjazia mkewe Marcelina kibuyu mpaka juu. Kanisani alikaa upande wa wanaume, shingo ameigeuzia upande wa wanawake, mpaka katekista akamwuliza kama ana maumivu. Miaka ya ndoa yao ilikuwa inakwenda na nyumba haijapata mtoto, na Damas alijitia akilini kwamba mke ambaye hujazaa naye hana kinachomshika kwako, siku yoyote anaweza kufunga virago vyake. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Alimpenda mwanamke yule kupita kiasi, na hofu ya kumkosa ilimfanya awe kero tupu.

Kazini lakini, mpeni haki yake. Tabora nzima, mwanzoni mwa miaka ile ya hamsini, hapakuwa na dereva wa kumshinda kwa kuvuta trela. Tajiri wake, Bwana Virji, akipata mzigo wa safari ndefu hakuuliza mara mbili, alimwita Damas. Kiangazi kile mzigo ulikuwa Landrova mbili mpya za Wazungu wapima madini, ambao kambi yao ilikuwa mbele ya Ushirombo, huko ambako reli haifiki. Watu wa sokoni walicheka sana. Gari la kupasua pori, linabebwa kama bibi harusi! Lakini Wazungu walitaka zifike injini hazijachoka na tairi bado za dukani, kwa hiyo zingepanda trela na kufuata njia ile ile ya misafara ya zamani, Nzega, kisha Kahama, kisha magharibi.

Zililetwa kutoka Dar es Salaam kwa treni pamoja na fundi wake, Abbasi, kijana wa Kizaramo, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakikutana pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani wako anaweza kukuvua kofia akaivaa, akamtukana mama yako, akamwita mkeo mke wake, na wewe kazi yako ni kucheka na kumrudishia kubwa zaidi. Ukikasirika umeumbuka. Unatozwa mbuzi, na aibu yako inatembea kuliko wewe.

Siku ya kufunga mzigo Marcelina alileta chakula karakana, ugali na mlenda na samaki mkavu. Abbasi akaruka kutoka juu ya trela, akaupokea mkungu wa chakula kabla Damas hajafuta mikono.

"Mke wangu!" akasema. "Nimekuja toka pwani kukuchukua, na huyu mpagazi wangu atatubebea mizigo."

"Karibu mume wangu," Marcelina akajibu papo hapo, "ila ulivyokonda kwa kula pweza, utaniweza?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Bwana Virji mwenyewe alicheka mpaka miwani ikamshuka. Damas naye alicheka, afanyeje? Alicheka kwa meno tu, na tonge zote alizihesabu zikiingia kinywani mwa Mzaramo. Tena kilichomchoma si maneno ya Abbasi, ni furaha ya Marcelina. Mwanamke alikuwa amechangamka wiki ile nzima. Jikoni anaimba, kisimani anaimba, ukimwita anaitika kama msichana. Kwa nini sasa? Kwa nini wiki ile ile aliyofika huyu mla pweza?

Asubuhi ya kuondoka walisimama bomani kukaguliwa. Sheria ya mizigo ile ilikuwa kali, na Damas aliipenda hivyo. Kibali kiwe na majina mawili, la dereva na la msimamizi anayekaa nyuma kuuangalia mzigo. Mwendo uwe wa mchana tu. Kila kituo minyororo ikazwe. Kwenye daraja la mbao magari yashushwe, yavuke moja moja, kisha trela tupu. Na mkiani mwa trela kiwepo kitambaa chekundu kinachoonekana kwa mbali. Askari akazunguka, akatikisa minyororo, akaridhika, halafu akauliza kitambaa kiko wapi. Kimesahauliwa karakana! Damas alikuwa bado anajipapasa mifuko, mara Marcelina, aliyekuja kuwaaga, akavua kilemba chake chekundu na kukirusha. Abbasi akakidaka hewani.

"Mnaona?" akapiga kelele. "Mke wangu ananifunga kitambaa cha mapenzi!"

Akakifunga mkiani mwa trela, fundo maridadi.

Jamani, safari ile! Kila Damas akitupa jicho kwenye kioo cha pembeni, kile pale kilemba cha mkewe kinampungia, na Abbasi kajilaza ndani ya Landrova ya nyuma, mguu nje, anaimba. Walipita mashamba ya pamba, wakapita vijiji ambako watoto walikimbia wakishangilia magari yaliyobebwa, na Damas hakuona kitu ila kitambaa. Wakisimama kukaza minyororo, Abbasi anaruka chini na kuanza. Mke wetu atakuwa anapika nini saa hizi? Mke wetu anapenda kanga za rangi gani, nimtumie? Damas anajibu kwa utani, ulimi mchungu, na kila jibu linamtoka kwa taabu kuliko la kwanza.

Walilala Nzega. Kulipopambazuka Abbasi alikwenda kisimani kuoga, na kwa mbali sauti yake ilisikika ikiimba jina la Marcelina, wanawake waliokuwa wakiteka maji wakimwitikia kwa vicheko. Damas alisimama kando ya trela. Hakupanga. Alikifungua kilemba, akakisokomeza kifuani ndani ya shati, akapanda lori, akawasha moto, akaondoka. Aimbe sasa! Akamwimbie mama yake!

Mwendo mzuri aliufaidi kidogo tu. Kabla ya Kahama kulikuwa na daraja la mbao, na sajini mmoja wa polisi alikaa pale kukagua magari mazito yote. Mnyamwezi mwenzake, mtu mzima, mtaratibu sana.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Kibali." Akakisoma, midomo ikitembea. "Wewe ndiye Damas. Abbasi yuko wapi?"

Damas akageuka kutazama barabara ya Nzega.

"Magari haya atakusaidia nani kuyashusha? Nyuma anaangalia nani?" Sajini akazunguka mpaka mkiani mwa trela, akarudi. "Na kitambaa chekundu?"

Hapo Damas akaingiza mkono kifuani. Akakitoa kilemba, kimelowa jasho, kinanukia mafuta ya nazi ya mwanamke. Sajini akakitazama kitambaa, akamtazama mtu, akakitazama tena kitambaa.

"Hiki mahali pake ni kwenye trela," akasema. "Wewe una nini?"

Sajini akachukua ufunguo wa lori, akamwambia leseni yake ataiona mbele ya hakimu, na Damas akaketi kwenye gogo, jua linampiga utosini, anaiona kazi yake inakwenda na maji.

Jua lilikuwa limepinduka lilipotokea lori la pamba, na juu ya magunia, nani? Abbasi, nywele zote pamba. Alishuka akaelewa mara moja. Kilemba kimo mkononi mwa sajini, Damas yuko kwenye gogo.

"Sajini, kosa ni langu," akasema. "Tumbo liliniendesha pale Nzega, nikamwambia huyu atangulie polepole nitamkuta. Alikataa, nikamlazimisha. Tena kitambaa nilikifungua mimi nikakifue, kilijaa vumbi, nikamtupia akihifadhi."

"Akihifadhi kifuani?"

"Ni cha mkewe, Sajini. Ungekiweka wapi?"

Sajini alicheka, akapunguza ukali, akawakaripia wote wawili, akawarudishia ufunguo na leseni. Wakashusha Landrova, wakavusha moja moja, wakapakia upya, wakafunga minyororo. Kilemba kikarudishwa mkiani. Abbasi alipomaliza kukifunga alikuja mpaka mlangoni kwa dereva.

"Umenikasirikia, Damas," akasema kwa sauti ya chini. Hakumwita mpagazi. "Nikitangaza haya, watani wote toka hapa mpaka kwetu Kisarawe watakudai mbuzi. Sitatangaza. Na mke wako simtaji tena. Sikujua kwamba unaumwa."

Mtu mwenye akili timamu angeshuka akamshika mkono. Damas aliitika kwa kichwa, akatia gia.

Na Abbasi alitimiza neno lake. Hakuimba tena. Hakuuliza mke wetu anapika nini. Wakisimama, anakaza minyororo yake, anakunywa maji, anarudi nyuma. Mngedhani Damas atapumzika, sivyo? Wapi! Wivu ukapata makao mapya. Mtani anayetania hana kitu moyoni, kila mtu anajua hivyo, ndiyo maana anatangaza mbele ya watu. Lakini mtani aliyenyamaza? Mtani aliyeacha ghafla kumtaja mwanamke? Huyo ana la kuficha! Na kwa nini alidanganya mbele ya sajini kumwokoa? Mtu hulipia kitu. Amechukua kitu changu, ndiyo maana ananilipa. Hivyo ndivyo alivyowaza, barabara nzima ya Ushirombo, katikati ya miombo isiyo na majani.

Walifika kambini, Wazungu wakazishusha Landrova zao na kuzipapasa kama ng'ombe wa mahari. Abbasi alikuwa abaki kule na magari. Alimpa Damas mkono.

"Msalimie shemeji," akasema.

Shemeji! Jana mke wangu, leo shemeji. Adabu hii imetoka wapi? Neno lile Damas alirudi nalo Tabora, trela tupu likigongagonga nyuma yake, na kufika kwake alikuwa amekwisha kuhukumu kesi. Kilichobaki ni kumsikiliza mshitakiwa tu.

Marcelina alimpokea mlangoni kwa goti, kama walivyofundishwa wanawake wa kwao. Maji ya kuoga yalikuwa tayari, kuku yuko jikoni. Aliona uso wa mumewe umefunga akadhani ni uchovu. Alimwacha aoge, akamwandalia, akamngoja amege tonge la kwanza. Halafu akakaa mkekani karibu naye, jambo ambalo hakulizoea, akaushika mkono wake.

"Damas, nina neno. Nilitaka nikuambie kabla hujaondoka, nikaogopa. Wale wawili, mimba zilizotoka, kila mara tulitangaza mapema. Safari hii nikasema nitanyamaza mpaka nipite miezi ile walipotoka." Macho yake yalijaa machozi, na alikuwa anacheka. "Nimepita. Mama Josepha mkunga kanishika, anasema mimba imeshika vizuri. Nimebeba tangu tulipokuwa tunavuna karanga."

Sikilizeni, mtu huyu alikuwa ameomba neno hilo kwa miaka. Aliliwekea novena, sala za siku tisa. Sasa limeletwa, limewekwa mkononi mwake, na karanga zilivunwa Abbasi akiwa bado hajaijua Tabora iko upande gani. Hata yeye alijua. Hesabu ilikuwa nyepesi. Lakini mdomo ulikuwa umejazwa tangu Ushirombo, ukafunguka wenyewe.

"Ni ya Mzaramo?"

Marcelina akapasuka kicheko. Alipiga makofi, akajirusha nyuma. Mumewe hatimaye kajifunza utani!

"Ya nani tena?" akajibu. "Mtoto atazaliwa na pweza mkononi!"

Cheka, Damas. Cheka, ndugu yangu, bado unaweza. Hata kwa meno tu, kama ulivyocheka karakana. Mwanamke amekufungulia mlango mzima, pita. Damas hakucheka. Alisukuma sahani.

"Nakuuliza, nijibu."

Kicheko cha Marcelina kikaendelea kidogo chenyewe, kisha kikaisha. Alimtazama usoni, upande huu, upande ule, akitafuta mahali utani ulipojificha. Hakuupata. Akautoa mkono wake taratibu.

Damas alianza kusema jambo, kwamba ni uchovu, kwamba ni njia, kwamba Abbasi yule. Marcelina alikuwa amekwisha simama. Aliingia chumbani, likasikika sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa amejifunga vizuri, furushi mkononi, tayari kwenda kwa kaka yake Tobias, upande wa pili wa mji. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama pale penye mlango.

"Wale wawili tuliowazika nyuma ya nyumba," akasema, "hukuwahi kuniuliza ni wa nani."

Akashika njia. Damas alibaki mkekani na kuku wake, anasikia mwuza maziwa akimwamkia mkewe barabarani, na mkewe akimwitikia.