Fundi Akijikuna Sikio

Kwa miaka ishirini na miwili fundi alilala chali chini ya magari ya watu, na mwenyewe hana hata baiskeli. Kinyozi hajinyoi, wenzake humtania, naye hucheka nao. Lakini siku mdogo wake, karani wa bima, alipomwita akamkagulie gari alilotaka kununua, kicheko kilimkauka.

Muuzaji alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, na gari lenyewe saluni ya kijivu, si kubwa si dogo. Fundi alivua shati akaanza kutafuta kasoro kama aliyeahidiwa zawadi. Akavuta kijiti cha oili: safi. Akapapasa chini ya milango: hakuna kutu. Akaliwasha, injini ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Kila alipokosa ubovu, roho ilizidi kumuuma. Hivi huyu ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za viatu utotoni ndiye wa kumpita barabarani akimpigia honi?

Akafunga boneti, akajikuna sikio.

"Injini imechoka," akasema. "Hili halimalizi mwaka."

Mwalimu akaduwaa. Alisema amelitunza kama mboni ya jicho lake, na daftari la matengenezo analo. Lakini fundi keshasema. Mama wa watu akapunguza bei, akapunguza tena. Fundi alingoja mdogo wake aage waondoke. Mdogo mtu akalipa.

Njiani alimwachia kaka yake usukani, kwa heshima, huku akicheka peke yake.

"Kaka, wewe mtu hatari. Umemshusha bei yule mama bila hata kutoa jasho."

"Nani kakwambia nilikuwa nashusha bei?"

"Si nakujua? Tangu utotoni ukidanganya unajikuna sikio. Nilivyokuona tu, nikajua gari ni zima."

Kilemba cha ukoka hicho, na fundi angeweza kukivaa mpaka nyumbani, akasifiwa na ukoo mzima. Lakini gari lilikuwa likienda vizuri mno, na uso wa yule mwalimu ulikataa kumtoka. Aliona haya.

"Sikutaka ulinunue," akasema. "Nilikuonea kijicho."

Mdogo wake akaangua kicheko, akamwambia aache utani wake. Kisha akaitazama mikono ya kaka yake. Yote miwili ilikuwa kwenye usukani.