Tuta la Mandeh Jawanis

Siku ya tisini na tisa tangu azikwe Mandeh Jawanis, bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na hilo ndilo lililomkosesha raha mkwewe, Sutan Malano.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu mfululizo, ile mvua ya mlima Marapi isiyojua kubisha hodi. Miaka iliyopita, mvua ndogo kuliko hiyo ilitosha kulitoboa tuta. Sasa Sutan alilizunguka kila asubuhi, jembe begani, suruali imekunjwa hadi magotini, akibonyeza udongo kwa vidole vya miguu, akitafuta mahali palipolegea. Hakupata. Alirudi na jembe kavu, akaliegemeza chini ya ngazi, akaketi kidato cha chini kama mtu aliyeachishwa kazi.

Alikuwa na sababu ya kuliogopa tuta zima. Katika kijiji chao cha Koto Lansek nyumba ni ya wanawake, tangu bibi hadi mjukuu. Mwanamume huletwa kwa shangwe akapewa chumba cha mkewe, na mke akifa, watu wa kwao huja na sinia ya tambuu kumchukua. Halina ugomvi hilo. Wenyewe husema mume katika nyumba ya mkewe ni majivu juu ya kisiki: upepo ukipita, kwaheri.

Sutan alikuwa mgane wa miaka kumi na moja. Mkewe, Rosmanidar, alifariki bila kuacha mtoto, na arubaini ilipopita dada yake Sutan alivuka mto na wazee wawili na sinia ya tambuu, kama ilivyopasa. Mandeh Jawanis aliwakaribisha vizuri. Aliwauliza hali zao, za watoto, za mashamba, akafika hadi kwa kuku. Kisha akamgeukia paka wake wa mistari aliyelala kando ya nguzo.

"Balang," akamwambia, "wageni wetu wamekuja kuchukua mtu, na bwawa letu halina maji. Samaki wamelala ubavu. Sasa mimi na miaka yangu sabini na miwili nishike jembe? Au nikuchukue wewe, nikazibie mkia wako?"

Wageni walicheka, halafu wakaona haya. Nani atamwondoa mwanamume amwachie bibi kizee tope? Walikula, wakashiba, wakavuka mto mikono mitupu.

"Akimaliza tu tutamfuata," dada mtu alisema.

"Akimaliza," Mandeh akakubali.

Hakumaliza. Mwaka wa pili wakaja, tuta likawa limetoboka. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne wakatuma salamu tu, na baada ya hapo hata salamu zikachoka. Kuna watu humpa mgeni jembe siku ya tatu ili aondoke. Mandeh Jawanis alimpa wake jembe ili akae.

Mambo yote yalipitia kwa paka. Mama mkwe hamwamrishi mkwewe wala hakai naye chakulani, na yule bibi alishika adabu kuliko msikiti. Miaka thelathini na minne hakuwahi kumwita kwa jina lake la utotoni, Bahar. Siku zote alikuwa Sutan, jina la heshima alilopewa alipooa, hata alipoteleza bwawani akaibuka na majani kichwani. Alfajiri alimwekea kahawa mlangoni, sahani juu ya kikombe, akakohoa mara moja, akaenda zake. Mengine aliambiwa Balang, ambaye kwa kazi hiyo alilipwa vichwa vya samaki hadi akanenepa kama mto wa kulalia.

"Balang, mtu akitoka bila kofia katika mvua hii, homa itakuwa ya nani?"

"Balang, kuna watu wameacha wali nusu sahani. Mchele wangu umeota mawe?"

Na mwaka ule Sutan alipolala na homa ya matumbo, akiwa hajijui, bibi alikaa siku tatu nje ya pazia la chumba chake, akirudia neno lile lile: "Mwambie asife, Balang. Nimeshazika mmoja, yatosha."

Sasa Sutan naye alikuwa na siri. Tuta huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na makumbi ya nazi, ukashindiliwa kwa kisigino. Hilo hata mtoto wa jirani analijua. Yeye alikuwa akiziba kwa tope. Alilipakapaka, akalipapasa kwa kiganja hadi likang'aa, na kwa nje lilipendeza. Ndani lilikuwa uji. Alifanya hivyo ili litoboke tena, na kila lilipotoboka alifurahi, kisha usingizi ukampaa akijiita mwizi, mtu mzima anayemwibia kizee aliyemwamini, mwaka baada ya mwaka. Siku walipomteremsha Mandeh kaburini alitaka kumwomba radhi. Lakini amwombe kupitia kwa nani? Paka hakuja makaburini.

Nyumba sasa ilikuwa ya Yusnimar, mdogo wake marehemu Rosmanidar, aliyerudi kutoka mjini na binti yake Wirda. Wirda alikuwa ameposwa. Harusi ilingoja khitma ya siku mia ipite, na bwana harusi angehitaji chumba cha kuingia. Vyumba vilikuwa vitatu: cha Yusnimar, kilichokuwa cha Mandeh, cha shangazi kiziwi asiyetoka kitandani, na kile chenye sanduku la Sutan. Mtu hahitaji shule kupiga hesabu hiyo.

Yusnimar hakuwa mbaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya. Wiki moja kabla alimuuliza, huku akikunja nguo, "Sutan, chumbani kwako hapavuji?"

"Hapavuji."

"Afadhali. Wirda haogopi kitu kama kuvujiwa."

Sutan alielewa. Ukikaa miaka thelathini na minne na watu wanaosema na paka, huambiwi mara mbili.

Siku hiyo ya tisini na tisa alifika Bi Samsinar, mjane wa ng'ambo ya bwawa, kuja kukuna nazi za khitma. Mdomo wa Bi Samsinar haukuwahi kuwa na kitasa. Aliketi juu ya mbuzi yake uani, akamwona Sutan akitoka kwenye tuta.

"Wee Sutan, mbona unalizunguka kila siku? Unalitafutia mchumba?"

"Halivuji, Bi Samsinar. Mvua yote hii."

"Livuje kwa nini? Mwenye kulitoboa si mmemzika?"

Sutan aliweka jembe chini. "Nani?"

"Ala!" Bi Samsinar aliacha kukuna. "Wewe hujui? Ulidhani ni kaa?"

"Nilidhani..." Akajiwahi asilitaje tope lake.

"Kila mwaka, watu wa kwenu waje wasije, alfajiri namwona huyo, kajitanda, na mwanzi wake mkononi, anachokonoa. Mara ya kwanza nilipiga yowe nikadhani fisi-maji kaingia kula samaki. Akanijia na sahani ya wali wa kunata. Akaniambia, 'Samsinar, macho yako yana usingizi, rudi ukalale.' Nikala, nikalala. Miaka kumi na moja nimekula ule wali, Sutan, na sijasema. Sasa nani ataniletea?"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? 'Mkwe wangu, usiende, nyumba itanielemea'? Mama mkwe huyo! Angekufa kwa haya kabla hajafa kwa uzee." Akarudi kwenye nazi yake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Halafu na wewe, hilo tope lako. Alinionyesha. Akacheka hadi akakaa chini. 'Tazama kazi ya mkwe wangu,' akasema. 'Anadhani mimi kipofu.'"

Sutan aliingia chini ya nyumba, kati ya nguzo. Mwanzi ulikuwa pale pale ulipokaa miaka yote, umechomekwa juu kidogo ya mahali anapoegemeza jembe. Siku zote alijua ni wa kufukuzia kuku. Aliushusha. Ncha yake ilikuwa nyeusi kwa tope lililokauka, urefu wa shubiri moja.

Akalia. Alilia kwa kuwa hakuwa mwizi. Alilia zaidi kwa kuwa alitakiwa katika nyumba ile miaka kumi na moja, akatakiwa kwa ncha ya mwanzi, kwenye baridi ya alfajiri, na mama mwenye miaka sabini hadi themanini na zaidi, na sasa aliyemtaka hayupo wa kuambiwa kwamba amejua. Kuku walimtazama. Balang alipita, akanusa mwanzi, akaendelea na safari yake ya jikoni.

Asubuhi ya siku ya mia, wageni hawajafika, Sutan aliuchukua ule mwanzi akaenda bwawani. Alijua pa kuchokonoa. Alisukuma, akazungusha, akachomoa. Maji yakatoka kwanza kama uzi wa kahawia, halafu kama mkono, yakaingia shamba la mpunga la chini. Moyo ulimdunda kama kijana aliyeiba embe. Alinawa, akashusha suruali, akaenda hadi mlango wa jiko.

Yusnimar alikuwa akikoroga nyama kwenye sufuria kubwa, macho yamemwiva kwa moshi. Balang alikuwa kando ya meko. Sutan alikohoa mara moja.

"Balang," akasema, "naona bwawa linapungua maji."

Kisha akangoja. Hakuomba zaidi ya hapo: mtu aseme, hata kwa paka, kwamba bwawa likipungua maji mwenye jembe haendi popote.

Yusnimar aliinua uso, akamtabasamia.

"Ah, Sutan, usijisumbue na umri huo. Mkwe wangu akija ataliziba. Fundi wa mabomba yule, atamaliza mara moja tu." Alionja mchuzi, akaongeza chumvi. "Nimekufungia nyama ya njiani. Hii hata ikae mwezi haiharibiki. Mandeh alikuwa akisema unaipenda ikiwa kavu."

"Ahsante," Sutan akasema.

 Kila alichosema Yusnimar kilikuwa kweli na kilisemwa kwa wema.

Baada ya khitma, watu wameshakula na kunawa, mpwa wake Amrizal alisogeza sinia ya tambuu katikati ya jamvi. Alikuwa baba wa watoto wanne, mcheshi, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe.

"Mjomba, mama amesema miaka kumi na moja ya kungoja inatosha, hata treni haichelewi hivyo. Amekutandikia godoro sebuleni, pembeni ya televisheni. Utatazama mpira bila kuinuka!"

Watu walicheka. Wazee wakasema maneno yao ya kupokea na kukabidhi, mazuri, yenye mafumbo, na kila mmoja akachukua jani. Sutan alikuwa akimtazama Balang. Paka alikuwa amelala kando ya nguzo, na hakuna aliyemgeukia.

"Nipeni saa moja," Sutan akasema.

Bwawa lilikuwa limeshuka hadi nusu. Samaki walikuwa wa harusi ya Wirda, na samaki hawana kosa. Alikwenda kwenye kingo za mto akachimba udongo wa mfinyanzi, akaubeba ndoo tatu. Akachambua makumbi, akayachanganya, akaukanda kwa miguu hadi ukashika. Amrizal alimfuata, amebeba sanduku kichwani.

"Mjomba, si wamesema mkwe ataziba?"

"Ataziba mengine."

"Sasa tope lote hilo na nguo za khitma?"

 Sutan alipanua tundu kwanza, akatoa tope lake mwenyewe la miaka yote, tabaka juu ya tabaka. Kisha akajaza udongo, akashindilia kwa kisigino, akajaza tena, akashindilia. Alifanya kazi kama ilivyotakiwa kufanywa mwaka wa kwanza. Maji yalipungua yakawa uzi, yakawa tone, yakakoma. Alikaa akilitazama tuta muda mrefu kuhakikisha halitoi hata jasho.

Waliondoka jua likianza kulala upande. Aliaga mmoja mmoja, na Wirda akamwinamia akamlilia begani, kwa kuwa alikuwa mtoto mzuri. Sutan alibeba kifurushi cha nyama mkono mmoja, na mwingine alishika ule mwanzi.

"Huo nao wa nini?" Amrizal akacheka. "Kwetu mianzi imejaa hadi inatuziba njia."

"Wa kutembelea."

Njia ya mtoni hupita makaburini. Walipofika pale Sutan aligeuka, akamwona Balang nyuma yao, mkia juu, akifuata harufu ya nyama. Hakuwahi kufika umbali huo. Sutan alimwambia Amrizal atangulie na sanduku. Alichuchumaa kando ya kaburi la Mandeh Jawanis, akafungua kifurushi, akamega kipande, akakiweka mbele ya paka.

"Balang," akasema taratibu, "mwambie Mandeh nimeliziba. Leo nimeliziba kweli. Mwambie ningeliacha, lakini hapakuwa tena na mtu wa kuniita nije kuliziba."

Balang alikula kipande chote, akajilamba. Kisha akageuka, akarudi zake nyumbani.