Zulia la Kufunika Shimo

...na anayesema nimezeeka vibaya, eti naona moto hata kwenye ndoo ya maji, na aje yeye akae kwenye kiti hiki nilichokalia, aushike ufunguo huu ulioloa jasho la kiganja changu, kisha avute pumzi kwa pua, nasema kwa pua, ndipo aniambie nazusha, maana mdomo wa kunibishia kila mtu anao, pua ndiyo hawana, hata huyu mwanangu aliyeinamia injini hana, boneti imemmeza mpaka kiunoni, namwona suruali tu na soksi aliyoivaa ndani nje, mtu wa miaka arobaini na mbili, "Washa, mama," saa nne asubuhi, jua limeingia gereji mpaka kwenye matairi, "zungusha mara moja tu, usikanyage kitu," na nyuma yangu Kiroboto, mjukuu wangu wa miaka saba, jina hilo amelipata kwa kutotulia mahali, leo katulia kwa sababu nimemfunga mkanda mimi mwenyewe, mkanda wenye kifungo kinachotaka vidole gumba viwili vya mtu mzima, nilikibonyeza nikakisifia, kigumu, imara, sikujiuliza kinafunguliwaje kwa haraka, na huko nyuma hakuna mlango, gari zima lina milango miwili, ili yeye atoke lazima mimi nitoke kwanza, na mimi kutoka hapa ni shughuli ya goti, mgongo na kumwomba Mungu... "Bibi, mbona huwashi? Mkono umelala?" Umelala, mjukuu wangu, unaota ndoto mbaya. "Bibi, gari linanuka kama rangi ya kucha ya shangazi." Umesikia wewe uliye huko chini ya boneti, mtoto anayo pua, sauti inatoka kwenye chuma, "Ni kawaida, nilimwaga kidogo nilipokuwa najaza tangi," kawaida, kila balaa katika nyumba hii limeanza kwa neno kawaida, ulijaza lini, ulijaza Jumanne, nilikuwa naanika mashuka nikakuona na dumu, leo Alhamisi, na petroli mimi naijua kuliko unavyodhani, miaka ishirini nilitolea madoa ya grisi kwenye ovaroli za baba yako, unapaka, unageuka kuchukua brashi, imeshapaa, haisubiri hata kitambaa kikauke, kwa hiyo ya Jumanne hainuki Alhamisi, kinachonuka leo kimetoka leo... Gari lenyewe lilikuja vipande vipande, makasha sita na kitabu cha maelekezo, bodi ya faiba nyepesi kama beseni, nikamwambia hii si itawaka kama beseni, akacheka, "Mama, usianze," miezi kumi na minne anaunga, mkewe akalizoea kama mke mwenza, na mimi nikaingizwa kazini, nimeshona mito ya viti kwa sponji la godoro lililochakaa, nalo sponji hilo moto hulila kama pamba, nalijua, nilishona tu, halafu siku ile akaja na kofia mkononi, "Mama, kuna shimo hapo miguuni linaniudhi macho, nishonee zulia lifunike," nikapiga magoti nipime, nikaliona, nisidanganye mbele ya nafsi yangu, nililiona vizuri, tundu kwenye bati linalotenga injini na miguu ya abiria, amelitoboa mwenyewe, ukingo wake mkali kama mkasi uliotoka kunolewa, na humo wamepita wawili, bomba la petroli na waya mnene wa betri, wamelalishwa tundu moja kama mume na mke siku ya harusi, uchi, bila hata ule mpira wa mviringo unaovalishwa ukingo usisugue, nami kitabu nilikifunua, darasa la saba langu linatosha kusoma picha, mpira ule umechorwa pale na mshale mwekundu, na ukurasa unaofuata fyuzi inakaa karibu na betri, ile ya kujikata yenyewe waya ukizidiwa, hakuweka mpira, hakuweka fyuzi, kitabu kiko chini ya mguu wa meza inayoyumba, na mtungi wa kuzimia moto umening'inia ukutani nyuma ya koti lake, bado uko ndani ya nailoni ya dukani... "Mama! Umesinzia?" Sijasinzia, nahesabu. "Mpira uliweka?" nimemwuliza, "Mpira gani?" "Wa kwenye tundu." Spana inagonga kitu, "Ah, ule, nitaweka kesho mama, leo tunajaribu tu, tunafika kwenye kona na kurudi"... kesho... kesho hiyo naijua sura, niliisikia wodini, siku ya tisa kati ya kumi na moja alizoishi baba yake baada ya moto, mikono yake imefungwa bandeji kama mikate, nyusi hana, ananiambia kwa kunong'ona, bomba lilikuwa linasugua bati, mke wangu, nililiona, nikasema nitalivalisha mpira kesho, na muuguzi akaniuliza anasema nini, nikajibu anataka maji, nikampa maji, hakuwa na kiu, na msibani watu walipotaka kujua gari lake la kujiundia lilishikaje moto nikakaa kimya, na kimya changu wakakijaza wenyewe, ikawa ni sigara ya yule jirani aliyekuwa amesimama uani, jirani hakubisha sana, nani angemwamini mvutaji, mwezi wa tatu akahama, nami nikamwacha ahame, kwa sababu fundi mkuu wa malori hafi kwa kukosa kipande cha mpira, wangecheka hata kabla udongo haujakauka, nikamtunzia heshima yake mpaka leo, nimeitunza mno, nimeifunika vizuri kama nilivyofunika tundu hili, kwa uzi wa viatu, mishono miwili miwili, na huyu akapitisha kiganja juu ya zulia akasema, "Mama, mkono wako bado uko vilevile," na mimi, kikongwe mzima, nikanunuliwa kwa neno hilo, nikameza mpira, nikameza fyuzi, sifa ilikuwa tamu, tangu aoe hajanisifia kitu... niliona na nikashona. Si yeye peke yake aliyesema kesho. Nainama, goti linalia, nashusha mkono mpaka kwenye mshono wa zulia, na zulia limelowa, si sana, kama kola ya mtoto anayeota meno, naleta vidole puani, wala sina haja ya kuvileta, na jikoni nimeacha birika motoni, chai ya kulipongeza gari, mlango wa jikoni uko wazi hatua sita kutoka hapa, mimi niliyeuacha wazi... "Washa basi, mama, mgongo unaniuma!" "Bibi, washa!"

Nachomoa ufunguo, natumbukiza kifuani, huko hajaingia mtu tangu baba yake. Nasukuma mlango, nashuka kwa goti moja, nalaza kiti, nabonyeza kifungo kwa vidole gumba viwili, mara ya kwanza hakikubali, mara ya pili hakikubali, nahesabu, mimi sikimbizwi na mtu, hakuna moshi, hakuna moto, na bado nimehesabu mpaka tisa ndipo kikaachia. "Kiroboto, mbio mpaka getini, usigeuke." "Kwani nimefanya nini?" "Mbio!" Ameruka, jina halikukosewa. Boneti inainuka, uso umejaa grisi, "Sasa mama, haya ni mambo gani, mbele ya mtoto?" Nimemnyooshea vidole vyangu avinuse, amenusa, amevitazama, hajasema kawaida. "Toka hapo kwanza, toka nje, hewa ipite." "Mama, ni tone tu..." "Baba yako hakuchomwa na sigara ya mtu," nimesema, hivi hivi tu, kama ninayemwagiza chumvi, "lilikuwa bomba, tundu bila mpira, alilijua, na mimi nilijua, na hili lako nalo nililiona nikalishonea zulia." Amefungua mdomo, miaka saba imemrudia usoni, umri uleule aliokuwa nao akisimama uani na ndoo tupu, simwangalii zaidi, nikimwangalia nitaanza kumtetea, "Mama, ngoja, ulisema nini? Mama, jirani je?" na jirani je, hilo nalo litakuja, jirani ana watoto, tutamtafuta, lakini mbele yangu birika linaimba juu ya moto wa bluu, hatua sita, goti, hatua tatu, nyuma yangu soksi ya ndani nje inaburuzika kuelekea juani, vizuri, nimeingia jikoni, na nimeufunga mlango.